Rimu ya Msingi na Rimu ya Hiari: Istilahi za Magurudumu ya Gari la Umeme

Utangulizi

Magari yaendeshwayo kwa umeme yameanza kuonekana katika barabara za Afrika Mashariki, na pamoja nayo zimekuja hati zake: vitabu vya maelekezo, orodha za bei, masharti ya zabuni na fomu za ukaguzi. Aghalabu hati hizo huandikwa kwa lugha za kigeni, na mfasiri hutakiwa kuzitia katika Kiswahili kwa muda mfupi. Katika hali kama hiyo ni rahisi kwa mfasiri kulitazama kila neno peke yake, akaliwekea neno la Kiswahili lililo karibu, kisha akaendelea na kazi. Kila neno huonekana sahihi, lakini maelezo yote kwa jumla humpotosha msomaji.

Katika makala hii tumechagua mfano mmoja mdogo ili tuonyeshe jambo hilo. Mnunuzi wa gari la umeme mara nyingi huulizwa na mtengenezaji achague kati ya aina mbili za magurudumu: yale yanayokuja na gari kwa bei yake ya kwanza, na mengine makubwa zaidi yanayoongezewa bei. Swali hili laonekana kuwa la mapambo tu. Hata hivyo, kwa gari la umeme ni swali la kilomita ngapi gari litakwenda kabla ya kuhitaji kuchajiwa tena. Ofisa anayeagiza magari ya idara yake kwa kutegemea tafsiri yenye kasoro anaweza kulipa fedha zaidi ili apate gari liendalo umbali mfupi zaidi. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuyachunguza maneno yanayohusika moja baada ya jingine.

Gurudumu, Tairi na Rimu

Tatizo la kwanza ni kujua kitu chenyewe kinachotajwa. Gurudumu la gari lina sehemu kuu mbili. Iko sehemu ya chuma au ya aloi ya alumini inayofungwa kwenye habu kwa nati, na iko sehemu ya mpira inayoizunguka na kujazwa upepo. Sehemu hizo mbili zikiungana ndipo tupatapo gurudumu kamili.

Katika Kiingereza neno litumikalo kwa gurudumu zima hutumika pia kwa ile sehemu ya chuma peke yake. Katika mazungumzo ya Kiswahili mambo yamekwenda kinyume: ni jina la sehemu ya mpira lililopanuka likachukua maana ya kitu kizima. Dereva asemapo kwamba amebadilisha tairi njiani, kwa kawaida ametoa gurudumu zima na kufunga jingine. Hata tairi la akiba ni gurudumu kamili, lenye rimu yake. Kwa hiyo mfasiri anasimama kati ya lugha mbili ambazo kila moja hukitaja kitu kizima kwa jina la sehemu, na sehemu zenyewe si zile zile.

Matokeo yake huonekana pale orodha ya bei inapotoa nafasi ya kuchagua kati ya kipimo cha inchi 18 na cha inchi 20. Tafsiri ya haraka husema “gurudumu la inchi 18” na “gurudumu la inchi 20”. Msomaji wa Kiswahili huelewa kwamba gurudumu la pili lina kimo kikubwa zaidi, na huenda akadhani kwamba gari litakuwa limeinuka zaidi juu ya ardhi, jambo ambalo lingefaa kwa barabara za changarawe. Sivyo ilivyo. Inchi hizo ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa, wala si kipenyo cha gurudumu zima.

Tuchukue gari la Hyundai Ioniq 6, litengenezwalo Korea Kusini. Matairi yake kwa rimu ya inchi 18 yana alama 225/55 R18, na kwa rimu ya inchi 20 yana alama 245/40 R20. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, kikiwa asilimia ya upana huo. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa, na namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Hesabu yake ni kama ifuatavyo. Ubavu wa tairi la kwanza ni asilimia 55 ya 225, yaani milimita 123.75. Tukiuzidisha mara mbili, kwa kuwa uko juu na chini, na kuongeza rimu ya milimita 457.2, twapata kipenyo cha milimita 704.7. Ubavu wa tairi la pili ni asilimia 40 ya 245, yaani milimita 98. Tukiuzidisha mara mbili na kuongeza rimu ya milimita 508, twapata milimita 704. Magurudumu hayo mawili yanalingana kwa kimo, kasoro chini ya milimita moja. Kilichoongezeka ni rimu, na kilichopungua ni ubavu wa mpira. Walimu wa hesabu na wa sayansi wanaweza kulitumia zoezi hili darasani, maana kila tairi lililo barabarani limeandikwa namba zake ubavuni.

Twapendekeza basi kwamba neno “gurudumu” libaki kuwa jina la kitu kizima, “tairi” liwe jina la sehemu ya mpira, na “rimu” liwe jina la sehemu ya chuma au aloi. Wako watakaopendelea “ringi”, neno ambalo pia husikika katika gereji na kwa mafundi wa baiskeli. Hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo, lakini katika hati moja yafaa litumike neno moja tu. Wengine watasema kwamba “rimu” tayari ni kipimo cha karatasi. Ni kweli, na ofisa ugavi aandikaye “rimu 20” peke yake anaweza kuletewa karatasi. Lakini muktadha huyatenganisha maneno haya bila taabu, na anayeandika “rimu nne za inchi 20” hawezi kueleweka vibaya.

“Sanifu”, “ya Kawaida” au “ya Msingi”?

Tatizo la pili ni namna ya kuyaita magurudumu yanayokuja na gari kwa bei yake ya kwanza. Wafasiri wengi watavutiwa na neno “sanifu”, kwa kuwa ndilo lililozoeleka kama tafsiri ya neno la Kiingereza linalotumika hapo. Sisi tunaoshughulika na Kiswahili Sanifu tunalipenda neno hili, lakini mapenzi hayo yasitufanye tulitumie pasipo mahali pake.

Kitu sanifu ni kile kilichokubaliwa kwa kipimo fulani na chombo chenye mamlaka. Tukiliita gurudumu la kwanza “sanifu”, bila ya kukusudia tumeliita la pili “lisilo sanifu”. Katika nchi ambayo Shirika la Viwango hukagua magari yatokayo nje, maneno hayo yana uzito wa kisheria. Mkaguzi akisoma katika hati kwamba gari lina magurudumu yasiyo sanifu, atakuwa na haki ya kulitilia shaka, ingawa magurudumu yote mawili yametoka katika kiwanda kile kile na yote yamepita vipimo vinavyotakiwa.

Neno “ya kawaida” lina kasoro ya namna nyingine. Kawaida ni jambo linalotokea mara nyingi. Lakini huenda wanunuzi wengi wa gari fulani wakawa wanachagua magurudumu yanayoongezewa bei, na hapo hayo ndiyo yatakuwa ya kawaida. Zaidi ya hayo, katika masikio ya mnunuzi neno “kawaida” lina harufu ya uduni: kitu cha kawaida ni kile ambacho mwenye uwezo hukiacha. Mfasiri hapaswi kumsaidia muuzaji kwa kulipa neno harufu ambayo halina katika hati ya asili.

Tunapendekeza “rimu ya msingi”. Msingi ni mahali hesabu inapoanzia. Rimu ya msingi ni ile iliyomo katika bei ya msingi ya gari, kabla mnunuzi hajaongeza wala kubadilisha kitu. Neno halisemi kwamba ni bora wala kwamba ni duni, na watumishi wa serikali wanalifahamu tayari katika semi kama “mshahara wa msingi”.

Je, Kilichoongezewa Bei Kimeboreshwa?

Tatizo la tatu ndilo kubwa. Magurudumu yanayoongezewa bei huitwa katika matangazo kwa neno ambalo wafasiri wengi wangeliandika “yaliyoboreshwa” au “ya hali ya juu”. Neno “kuboresha” katika Kiswahili ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Ni hukumu. Kabla ya kuitoa hukumu hiyo lazima tuulize: bora kwa nini, na kwa nani?

Yako mambo ambayo rimu kubwa huyafanya vizuri. Tairi lenye ubavu mfupi halipindi sana gari likatapo kona, na hivyo usukani huitikia upesi. Tairi pana hushika vizuri zaidi barabara kavu ya lami. Rimu kubwa pia hutoa nafasi ya kuweka breki kubwa. Na wako wanaolipenda umbo lake, jambo ambalo si la kubezwa, maana mtu hununua gari kwa macho pia.

Lakini yako mambo yanayoharibika. Katika mfano wetu ubavu wa tairi umepungua kwa karibu milimita 26. Ubavu huo ndio mto unaopokea kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye rimu. Mto ukipungua, rimu hupinda au kupasuka kwa urahisi zaidi, na abiria huhisi zaidi kila tuta. Aidha, magari mengi ya umeme hayaji na tairi la akiba, hivyo rimu iliyopasuka mbali na mji ni msiba wa siku nzima.

Zaidi ya yote iko hasara ya umbali. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani kwa magari ya mwaka 2023, Ioniq 6 yenye betri ya kilowati-saa 77.4 na mota moja ya nyuma ilipewa maili 361 kwa rimu za inchi 18, yaani kilomita 581 hivi. Gari hilo hilo, lenye betri ile ile na mota ile ile, kwa madaraja yake yenye rimu za inchi 20, lilipewa maili 305, yaani kilomita 491 hivi. Madaraja hayo hutofautiana pia katika vifaa vingine, lakini magurudumu ndiyo tofauti kubwa inayogusa mwendo. Pungufu ni kilomita 90, karibu asilimia 15. Tesla Model S Plaid ilionyesha jambo kama hilo: maili 396 kwa rimu za inchi 19, na maili 348 kwa rimu za inchi 21, yaani pungufu ya asilimia 12.

Ili msomaji aone maana ya tarakimu hizo, na akumbuke kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni yapata kilomita 450 kwa barabara. Gari lenye kilomita 581 katika vipimo lingebakiwa na akiba ya kilomita 130 hivi. Lenye kilomita 491 lingebakiwa na 40 tu. Na vipimo ni vipimo: mwendo wa kasi, mlima, mzigo na kipoza hewa vyote hula akiba hiyo. Dereva wa kwanza anaweza kusafiri kwa utulivu. Wa pili sharti atafute mahali pa kuchaji njiani. Tofauti iliyo kati yao imenunuliwa kwa fedha, chini ya neno “iliyoboreshwa”.

Sababu za hasara hiyo ni tatu. Ya kwanza ni ukinzani wa hewa: tairi pana hukabili hewa zaidi, na rimu yenye nafasi kubwa kati ya mikono yake huivuruga hewa inapozunguka. Ndiyo maana Tesla Model 3, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, ilikuja na rimu za inchi 18 zenye vifuniko vya plastiki vinavyolainisha upitaji wa hewa. Sababu ya pili ni ukinzani wa mbingiriko: tairi linapobingirika hubonyea na kurudi, na sehemu ya nishati hupotea kama joto. Matairi pana yaliyokusudiwa kushika barabara sana mara nyingi hupoteza zaidi. Ya tatu ni uzito unaozunguka: chuma kilichosogezwa mbali na kitovu huhitaji nishati zaidi ili kizunguke kila gari linapoondoka. Mota ya umeme hurudisha sehemu ya nishati hiyo gari likipunguza mwendo, lakini hairudishi yote.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili halikutusumbua katika magari ya petroli. Sababu hizo zipo huko pia. Lakini lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, maana yake ni kwamba betri nzima tuliyoitaja ina nishati isiyofikia ile ya lita 9 za petroli. Gari la umeme huenda mbali kwa sababu hutumia akiba yake bila ya kuipoteza sana kama joto la injini. Mwenye akiba ndogo hana budi kuhesabu kila punje. Tena vituo vya petroli viko kila mji, na tangi hujazwa kwa dakika chache.

Kwa hiyo tunapendekeza “rimu ya hiari” kwa ile ambayo mtengenezaji humruhusu mnunuzi kuichagua badala ya rimu ya msingi, ama peke yake ama pamoja na daraja la juu la gari. Hiari ni uchaguzi wa mtu. Neno halimwambii achague nini. Rimu inayonunuliwa dukani baadaye na kufungwa badala ya ile ya kiwandani tunapendekeza iitwe “rimu ya badala”, kwa kuwa huyo hana tena dhamana ya mtengenezaji wa gari juu ya rimu hiyo, na mkaguzi anahitaji kuitofautisha.

Masafa, na Alama Nyingine za Tairi

Umbali ambao gari huweza kwenda kutoka betri imejaa hadi inakwisha unahitaji jina fupi. Neno “masafa” lafaa, kwani maana yake ya asili ni umbali baina ya mahali na mahali. Lakini wasikilizaji wa redio wamelizoea katika semi “masafa mafupi” na “masafa ya kati”. Ili kuondoa utata twapendekeza “masafa ya chaji” kila neno linapotajwa kwa mara ya kwanza katika hati; baada ya hapo “masafa” peke yake yatatosha.

Baada ya alama za ukubwa, ubavuni mwa tairi hufuata namba na herufi, kwa mfano 91V. Namba huonyesha uzito ambao tairi moja huweza kubeba: 91 ni kilo 615, na 100 ni kilo 800. Herufi huonyesha mwendo wa juu: H ni kilomita 210 kwa saa, na V ni 240. Katika Kiingereza namba hiyo huitwa kwa neno lile lile ambalo kwenye vitabu sisi huliita “faharasa”. Mfasiri asithubutu kuandika “faharasa ya mzigo”. “Namba ya mzigo” yatosha. Alama hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa betri hulifanya gari la umeme kuwa zito, na mwenye kununua matairi kwa kutazama ukubwa tu anaweza kufunga tairi lisiloweza kuubeba uzito huo.

Istilahi Zinazopendekezwa

Gurudumu: rimu na tairi vikiwa pamoja.
Rimu: sehemu ya chuma au aloi inayofungwa kwenye habu na kubeba tairi.
Mkono wa rimu: sehemu inayounganisha kitovu cha rimu na ukingo wake.
Kifuniko cha rimu: bamba linalofunika uso wa rimu.
Tairi: sehemu ya mpira inayojazwa upepo.
Ubavu wa tairi: sehemu iliyo kati ya rimu na uso wa tairi unaokanyaga barabara.
Rimu ya msingi: rimu iliyomo katika bei ya msingi ya gari.
Rimu ya hiari: rimu ambayo mtengenezaji huruhusu ichaguliwe badala ya ile ya msingi.
Rimu ya badala: rimu iliyonunuliwa kwingine na kufungwa badala ya ile ya kiwandani.
Masafa ya chaji: umbali ambao gari huweza kwenda kwa betri iliyojaa.
Ukinzani wa mbingiriko: nguvu inayozuia gurudumu kubingirika, itokanayo hasa na kubonyea kwa tairi.
Namba ya mzigo: namba ionyeshayo uzito wa juu ambao tairi moja huweza kubeba.
Herufi ya mwendo: herufi ionyeshayo mwendo wa juu ambao tairi huweza kuustahimili.

Hitimisho

Maneno ya wauzaji mara nyingi hubeba sifa ndani yake, na mfasiri asiye mwangalifu huihamisha sifa hiyo na kuipa muhuri wa Kiswahili. Kazi yetu ni kumpa msomaji neno linalotaja kitu, kisha kumwachia yeye ahukumu ubora wake kwa kutazama vipimo. Mnunuzi akisoma “rimu ya msingi, inchi 18, masafa ya chaji kilomita 581” na “rimu ya hiari, inchi 20, masafa ya chaji kilomita 491, nyongeza ya bei”, atajua mwenyewe la kufanya. Wa mjini mwenye kupenda umbo la rimu kubwa atachagua hiyo bila ya kudanganywa. Idara yenye safari za mikoani itachagua nyingine.

Tunawaomba wafasiri, walimu, mafundi na maofisa ugavi wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale ambapo mafundi wa mahali wana neno lililozoeleka zaidi kuliko haya tuliyoyataja.